Seti nne za matairi kwenye kigari kimoja chepesi

Nina Mazda MX-5 ya kizazi cha pili, ile iliyoanza kutoka mwaka 1998, viti viwili, paa la turubai, na nakitumia kigari hiki kwa kitu ambacho kila mtu ananishangaa nacho, safari ndefu. Sisemi zile za jumapili asubuhi unaenda kula kona mbili tatu unarudi nyumbani kunawa, naongelea siku mbili tatu mfululizo barabarani, kilomita 600 au 700 kwa siku, begi kwenye buti na mdogo wangu kwenye kiti cha pembeni analalamika miguu. Na ktk miaka yote hiyo kitu kilichonisumbua kuliko injini, kuliko turubai kuvuja, kuliko kila kitu, ni matairi. Nimefunga seti nne. Tatu za kwanza nilikosea, na kila moja nilikosea kwa njia yake, ndo maana naandika.

Seti ya kwanza sikununua, ilikuja na gari. Yaani nilivyoliona gari mara ya kwanza nilichuchumaa nikaangalia kashata za tairi, yale meno ya mpira yanayokanyaga lami, nikaona nene kabisa, kama milimita 6 hivi, nikajisemea hapa nimepata, tairi bado mpya. Kumbe sikujua kitu kimoja kuhusu haya magari ya sport ya starehe, kwamba mengi yanakaa gereji zaidi ya yanavyotembea, kwahiyo tairi linazeeka kabla halijaisha. Safari ya kwanza tu, manyunyu madogo, naingia mzunguko kwa spidi ambayo hata baiskeli ingenipita, nyuma ikaondoka. Haikuserereka sana, ilienda kama nusu mita hivi ikarudi, ila moyo ulibaki kule mzungukoni. Nikasema labda kuna mafuta yamemwagika barabarani. Mzunguko uliofuata, tena.

Tulivyosimama nikawasha tochi ya simu nikaanza kusoma ubavu wa tairi, kitu ambacho ningepaswa kukifanya kabla hata sijashika funguo. Kuna maandishi ya DOT yanaishia na tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Halafu angalia vizuri maana mara nyingi tarakimu hizo ziko upande mmoja tu wa tairi na fundi akifunga upande huo ukaangalia ndani huzioni mpaka uingie chini ya gari. Mimi niliingia chini ya gari. Tairi zangu zilikuwa na miaka tisa. Nikabonyeza mpira kwa ukucha, ukucha ukateleza kama nabonyeza soli ya kiatu cha zamani, na kule chini katikati ya kashata kulikuwa na nyufa ndogo ndogo kama za udongo uliokauka. Makampuni mengi ya matairi yanashauri tairi likipita miaka mitano likaguliwe kila mwaka, na likifika kumi litolewe hata kama kashata zipo. Langu lilikuwa halijafika kumi ila lilishakufa muda, lilikuwa linasubiri mvua tu.

Basi. Hapo nikaingia kwenye kosa la pili ambalo ndo kubwa, maana hili nililifanya kwa makusudi na kwa kujiamini.

Nilikuwa nimeshatishika na habari ya kuteleza, nikataka gripu. Nikatafuta tairi lenye gripu kuliko yote linaloingia kwenye rimu zangu. Saizi ya gari langu ni 195/50R15, yaani upana milimita 195, kimo cha ubavu asilimia 50 ya huo upana, rimu ya inchi 15, na hii saizi ina tabia moja ya ajabu, magari mapya yameshahamia kwenye rimu kubwa, za inchi 17, 18, 19, kwahiyo kwa rimu za 15 machaguo yamebaki ya makundi mawili, upande mmoja tairi za bei rahisi za magari madogo ya kutembelea, upande mwingine tairi za watu wa mashindano maana hao bado wanapenda rimu ndogo nyepesi. Katikati pale pamebaki pakavu. Mi nikaenda upande wa mashindano. Zile zenye namba ya uchakavu 200, mpira laini, kashata chache, mifereji miwili mitatu basi. Ukiligusa likipata moto linanata kidogo kwenye kidole. Nilivyofunga nililiangalia gari nikaona limependeza mpaka nikapiga picha.

Ngoja niseme hiyo namba ya uchakavu maana inachanganya watu. Ubavuni kwa matairi mengi utaona TREADWEAR ikifuatiwa na 200, 340, 500 na kadhalika. Si kilomita. Ni ulinganisho na tairi la kipimo ambalo lenyewe limepewa 100, kwahiyo 400 maana yake kwenye jaribio lile lilichakaa polepole mara nne ya lile la kipimo. Halafu kampuni yenyewe ndo inayolipatia tairi lake namba, so kulinganisha namba ya kampuni hii na ya kampuni ile si hesabu ya kuapia. Ila inakupa picha. 200 ni mpira laini wa kona, 300 mpaka 400 hivi ni sport ya barabarani, 500 kwenda juu unaongelea tairi linalotaka kuishi muda mrefu.

Sasa nikasafiri na hizo 200. Kilomita 100 za kwanza zilikuwa raha tupu, barabara kavu, jua, kona zinakuja usukani unaongea, nikawa nacheka peke yangu. Halafu barabara ikanyooka. Ikabaki imenyooka masaa matano. Na hapo ndo nikaanza kusikia tairi. Mlio mmoja, mmmmmmm, hauishi, unapanda na spidi unashuka na spidi, na gari lenyewe paa ni turubai kwahiyo hakuna kitu cha kuuzuia, mdogo wangu akawa anaongea namwona mdomo tu. Kila kiungo cha lami, ta-tak, ta-tak, kwenye uti wa mgongo. Kufika lisaa la sita la kuendesha nilikuwa nimechoka kuliko mtu aliyebeba mizigo.

Jioni ikaja mvua.

Hii sehemu nitaieleza taratibu kwasababu naikumbuka vizuri. Nilikuwa kama 90 kwa saa, si spidi ya kijinga, malori yalikuwa yananipita. Barabara ilikuwa na yale mabonde mawili ya tairi za malori, maji yamejaa humo. Kitu cha kwanza kilikuwa sauti, ule mlio niliouchukia mchana kutwa ukazimika, yaani kimya, halafu chini ya sakafu maji yakawa yanapiga kama mtu anamwaga changarawe. Usukani ukawa mwepesi, mwepesi kama gari limepandishwa jeki. Na sindano ya rpm, ile ya mizunguko ya injini, ikapanda kidogo bila mimi kukanyaga, maana tairi za nyuma zilikuwa zinazunguka juu ya maji. Mdogo wangu akanigeukia akasema, "Kaka, hili gari linaelea?"

Linaelea, ndio. Sikugusa breki, nadhani ni bahati kuliko akili, nilitoa mguu polepole kwenye mafuta nikashika usukani ulivyo, na baada ya kama sekunde mbili ambazo zilikuwa ndefu gari likakaa chini, kwa mtikisiko. Tukasogea pembeni. Tukakaa pale mpaka mvua ikapungua, wala hatukuongea.

Nilikuja kuelewa baadaye kwanini gari jepesi linaonewa zaidi hapo, na ni hesabu ya kawaida kabisa. Mzigo ambao tairi linakandamiza lami kwa kila sentimita ya mraba ni karibu sawa na upepo uliopo ndani yake. Gari langu lina kilo kama 1,050, weka watu wawili na mabegi sema 1,250, gawa kwa nne ni kilo kama 310 kila tairi. Kiwandani wameandika upepo 26 psi, ambayo ni kama kilo 1.8 kwa sentimita ya mraba. Gawanya utapata sentimita za mraba 170 hivi, yaani kiganja chako pamoja na vidole. Hicho ndo kitu kinachokushikilia kwenye lami, viganja vinne. Gari zito lenye upepo 35 linakandamiza maji kwa kilo kama 2.5 kwa kila sentimita, mimi 1.8, kwahiyo maji yananinyanyua mimi kwanza. Sasa ukichukua hilo gari jepesi ukaliwekea tairi pana kuliko la kiwandani, kile kiganja hakiongezeki ukubwa, kinabadilika umbo tu, kinakuwa kipana na kifupi, kinapokea maji mengi mbele yake kama ubao. Na ukiondoa mifereji ya kupitishia maji, basi umetengeneza mtumbwi. Tairi zangu za mashindano zilitoka dukani na kashata fupi kuliko tairi la kawaida, ambalo likiwa jipya huwa na kama milimita 8, na kufikia jioni ile zilishaanza kuliwa.

Kingine, ule mpira unataka moto ndo unate. Kwenye uwanja wa mashindano unaupata, kwenye barabara kuu iliyonyooka ndani ya kigari cha tani moja hauupati, tairi halina mzigo wa kulipasha. Kwahiyo asubuhi ya baridi nilikuwa natembelea tairi la bei kubwa lenye gripu ndogo kuliko la teksi. Zikaisha kabla ya kilomita 10,000 na sikulia.

Seti ya tatu sasa, nikaruka upande wa pili kabisa kama mtu aliyeumwa na nyoka. Nikasema nataka tairi la safari, gumu, linalodumu, lenye mifereji. Nikapata lenye namba ya uchakavu juu ya 500, na muuzaji akaniambia bosi chukua hili la XL, limeimarishwa, kwa safari ndefu ndo lenyewe. Nikaona neno "limeimarishwa" nikalipa.

Hapa ni pa kusoma ubavu tena. Baada ya saizi kuna namba na herufi, kwenye gari langu kiwanda kimeandika 82V. 82 ni mzigo, maana yake tairi moja linabeba kilo 475. V ni spidi, mpaka 240 kwa saa. H ni 210, T ni 190, W ni 270. Lile la XL lilikuwa 86, kilo 530. Sasa nikae nifikirie, tairi nne za 82 zinabeba kilo 1,900, gari langu likiwa limejaa kila kitu halifiki 1,300. Hiyo nguvu ya ziada inafanya nini? Inafanya ubavu uwe mgumu, basi. Kwenye gari zito ubavu mgumu unasaidia, kwenye kigari changu tairi halikunji kabisa, kila kokoto inaingia moja kwa moja kwenye shokapu na kutoka shokapu kwenye meno. Usishuke chini ya namba ya kiwandani, hilo halina mjadala, lakini kupanda juu si zawadi.

Na juu ya hayo fundi alijaza upepo 35. Hakuuliza, wengi hawaulizi, wamezoea magari mengine. Mimi nami sikuangalia nikaondoka, na gari likawa linarukaruka nyuma kama mbuzi, kona yenye bonde katikati nyuma inahama hatua moja pembeni. Nilitembea hivyo kilomita 200 nikilaumu tairi, mpaka nikachukua geji. Kibandiko cha upepo kiko kwenye fremu ya mlango wa dereva, kinasema 26, mbele na nyuma, tairi likiwa baridi. Siku hizi nikiwa na abiria na mizigo naweka nyuma 28 na inanitosha. Na baridi maana yake baridi, kabla hujaondoka asubuhi, si baada ya kuendesha lisaa limoja, maana upepo unapanda kama psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto, nikiondoka na 26 nikipima njiani nakuta 29, 30, na hapo usitoe hata kidogo, ukitoa kesho asubuhi utakuwa na 22.

Nilivyorudisha 26 gari likatulia kiasi. Ila tairi lenyewe lilikuwa la mbao. Kwenye maji lilikuwa zuri, hilo nakiri, mifereji ilifanya kazi yake. Lakini breki kwenye lami yenye unyevu tu, ile ya alfajiri, lilikuwa linaenda, linaenda, halafu ndo linasimama. Hapo nikatofautisha vitu viwili ambavyo nilikuwa navichanganya, kupitisha maji mengi ni kazi ya mifereji, kushika lami yenye unyevu ni kazi ya mpira wenyewe. Unaweza kupata kimoja ukakosa kingine.

Na ndo kwenye seti hii nikapata pancha ambayo mdogo wangu anaihadithia mpaka leo. Skrubu, tairi la nyuma kulia, katikati ya kashata. Nikatoa spea, ile nyembamba kama ya pikipiki, ubavuni imeandikwa upepo 60 psi na spidi isizidi 80. Kwanza ilikuwa na upepo kama 30, nani anapima spea? Pili gari langu lina difu ya LSD, ile inayozuia tairi moja la nyuma lisizunguke peke yake, na mle huruhusiwi kuweka tairi lenye kipenyo tofauti upande mmoja wa nyuma ukatembea nalo mbali, difu inafanya kazi muda wote kana kwamba uko kwenye kona na inajiumiza. Kwahiyo ikabidi nipige jeki mara mbili, tairi zima la mbele nilihamishie nyuma, spea iende mbele. Sawa, nikamaliza, mikono myeusi. Nikageuka na tairi bovu mkononi nikaangalia buti. Buti limejaa mabegi. Na hata lisingejaa, tairi zima halikai vizuri pale palipotoka spea. Gari la viti viwili. Tukaangaliana.

Tairi lilisafiri kilomita 60 juu ya mapaja ya mdogo wangu, paa limefunguliwa maana likifungwa hakuna nafasi, na suruali yake ilikuwa ya rangi ya maziwa.

Tangu hapo natembea na kikompresa kidogo cha kuchomeka pale pa kuwashia sigara, na vile vijiti vya kuziba tubeless, koleo la kung'olea skrubu, basi, vinaingia kwenye kimfuko kidogo. Kijiti kinaziba katikati ya kashata tu, ubavuni haizibwi, ukipasuliwa ubavu ita msaada. Na hata ukiziba vizuri ukifika uitoe kwenye rimu iangaliwe kwa ndani.

Kabla sijafika seti ya nne kuna kitu kimoja cha alaimenti, nacho kilinigharimu. Tairi hizo ngumu nilitarajia zitadumu milele. Siku moja nikazungusha usukani wote kulia kutafuta kelele nyingine kabisa, nikaona ukingo wa ndani wa tairi la mbele unang'aa. Nikasogeza jicho. Waya. Nje kashata nzima kabisa, milimita 5, ndani waya zimetokeza kama ndevu. Gari limeshushwa na mwenye gari wa kwanza na tairi zimelala kwa ndani, hiyo peke yake ingekula polepole, ila kilichomaliza ni tairi kutazama nje kidogo, mbele zikiwa zimeachana badala ya kwenda sambamba, yaani kila kilomita tairi lilikuwa linasuguliwa pembeni. Fundi wa alaimenti alinifundisha kitu ambacho sasa nakifanya kila nikisimama kujaza mafuta, unapitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, halafu unarudisha. Ikiwa upande mmoja ni laini na ukirudisha inakukwaruza kama meno ya msumeno, tairi haliendi sawa. Huhitaji mashine. Na kwenye haya magari ya chini huwezi kuona ukingo wa ndani ukiwa umesimama, ni mkono au goti.

Kwahiyo kabla ya kununua tena nikapima alaimenti kwanza, gari likiwa na mtu kwenye kiti cha dereva, maana kwenye gari jepesi kilo zako 80 zinabadilisha vipimo.

Seti ya nne nilikaa nayo wiki tatu kichwani. Nilifikiria hata kubadili saizi. Jirani yangu ana rimu za 14 zenye 185/60 alikuwa anaziuza, nikapiga hesabu nikashangaa, 185 mara asilimia 60 ni milimita 111, mara mbili ni 222, jumlisha rimu milimita 355.6, kipenyo 577.6. La kwangu 195 mara asilimia 50 ni 97.5, mara mbili 195, jumlisha 381, ni 576. Tofauti haifiki hata milimita 2, spidomita wala haijui. Na unapata ubavu mrefu zaidi kwa milimita 13, rimu nyepesi, gari linalainika. Watu wakisikia rimu ndogo wanacheka, ila kwa safari ile ingekuwa hela iliyotumika vizuri. Kilichonizuia ni machaguo, kwenye 14 tairi za maana zimebaki za kuhesabu. Mwingine akanishauri 195/55R15 nipate ubavu bila kubadili rimu, hiyo kipenyo chake ni 595.5, imezidi kwa asilimia 3 na zaidi, spidomita inadanganya na gia zinakuwa ndefu, nikaacha.

Nikabaki na 195/50R15 82V, isiyo XL, sport ya barabarani, namba ya uchakavu kwenye mia tatu na kitu. Kwenye lebo ile ya Ulaya, ambayo tangu 2021 ina madaraja A mpaka E, niliangalia kitu kimoja kwanza, alama ya wingu la mvua, ambayo ni breki kwenye lami yenye maji, nikasema chini ya B sinunui. Daraja la ulaji wa mafuta sikulijali sana. Kelele niliangalia lakini kwa tahadhari, zile desibeli zinapimwa nje ya gari linapopita, hazisemi wewe ndani ya turubai utasikia nini. Kwa hilo niliangalia kashata zenyewe, vipande vidogo vidogo visivyolingana ukubwa vinavunja ule mlio mmoja, vipande vikubwa vinavyofanana vinaimba wimbo mmoja safari nzima. Halafu mifereji minne mirefu inayozunguka tairi lote. Na nikasoma DOT pale pale dukani kabla hayajafungwa, mawili yalikuwa ya mwaka uliopita mawili yalikuwa na miaka minne, nikayakataa hayo mawili, muuzaji akanuna, nikasubiri siku tano.

Sikuchukua zile za mwaka mzima zenye alama ya mlima na theluji. Ukisafiri kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7 mara kwa mara hizo zina maana, mpira wa kiangazi unakakamaa hapo. Mimi safari zangu haziendi huko.

Kilomita 200 za mwanzo nilienda kama mzee, tairi jipya linatoka na utelezi wa kule kwenye kalibu na kashata ndefu mpya zinacheza kidogo, ukikurupuka siku ya kwanza utadhani umenunua takataka. Nati nilizikaza tena baada ya kilomita 50. Kwenye kona kavu, nisidanganye, hazifiki zile za mashindano, usukani hauongei vile, kuna kile kitu cha sekunde moja kati ya mkono na gari ambacho nimekipoteza na siku nyingine nakikumbuka kabisa. Ila gari likianza kuteleza linakuambia mapema, polepole, na kwa gari la kilo elfu moja hilo lenyewe ni starehe.

Safari ya mwisho ilikuwa kilomita 1,400 kwa siku mbili. Asubuhi 26 mbele, 28 nyuma, spea 60, maana siku hizi napima. Siku ya pili mvua ikatukuta tena mchana, barabara ile ile ya mabonde ya malori, nikashuka mpaka 80 nikakaa na tairi zangu juu ya matuta badala ya ndani ya maji, nikawa nasubiri ule ukimya uje. Haukuja. Maji yanapiga chini, usukani una uzito wake, waipa zinaenda. Nikamgeukia mdogo wangu nimwambie, umeona? Alikuwa amelala, mdomo wazi, kichwa kinagonga kioo.